Upatu Tunao Kila Wiki, Darsa Je?



Leo hatuzungumzi habari ya gauni wala singo. Tuna jambo lililotuuma tangu mwaka jana, na tumechelewa kuliandika kwa sababu ya haya.

Kikundi chetu cha upatu kina wanawake kumi na wanne. Tunakutana kila Jumamosi baada ya Alasiri, kila mtu anatoa elfu kumi, wa zamu anapokea, tunakunywa chai na kutawanyika. Mwenzetu mmoja alikosa wiki ya kwanza. Wiki ya pili akatuma pesa kwa simu, mwenyewe hakuja. Wiki ya tatu hakuja yeye wala pesa. Hapo ndipo tulipompigia, na hata salamu hazijaisha vizuri tukamuuliza, "Mbona hela yako hatujaiona?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema tumuwie radhi, atatuma kesho.

Siku mbili baadaye tukapata habari kwa jirani yake. Mimba yake ya miezi mitano ilikuwa imetoka. Wiki tatu nzima yumo ndani, na katika wenziwe kumi na watatu hakuna aliyepiga hodi mlangoni kwake.

Tulikwenda, tukambebea uji wa pilipili manga, tukakaa naye. Kabla hatujaondoka akatuuliza kwa sauti ya chini: ile damu ina hukumu gani? Tangu siku ile alikuwa haswali, na kila adhana ikilia anajiona ameasi, lakini aliona haya kumuuliza mtu. Tukatazamana. Sote tumesoma chuoni utotoni, sote tumehitimu, na hakuna aliyekuwa na jibu la uhakika. Ilibidi tumpigie mwalimu, na jibu lenyewe lilikuwa jepesi: kwa mimba ya umri ule damu ile ni nifasi, na swala za siku zile hazilipwi. Mwenzetu alikuwa amejitesa wiki tatu kwa jambo ambalo Allah alishamwondolea.

Kwa hiyo tulimkosea mara mbili. Hatukujua hali yake, na tulipoijua hatukuwa na elimu ya kumsaidia.

Mama wa lesi

Aliyetufanya tuone kosa letu si Muislamu, na tunaomba msomaji asituache hapa. Tukivuka kwenda Mombasa kufuata bidhaa, tunanunua lesi na shanga kwa mama mmoja wa Kimeru, Mmethodisti, umri wake sitini na kitu. Siku moja kila wiki hufunga duka mapema aende kwenye kikundi chake kidogo cha kanisani, na kitabu chake kimo mkobani. Tulimtania: Mama, umri huu bado hujamaliza kusoma? Akasema, "Wanangu, haya mtu hamalizi."

Safari moja tulimchelewesha sisi kwa kuchagua lesi, akakosa kwenda. Haikuingia Magharibi simu yake ilishalia mara tatu. Wenziwe walikuwa wakiuliza kama ni mzima. Hakuna aliyetaja pesa. Tulirudi Unguja tukiwa na lesi zetu na swali moja: wenzetu hawa wamepangaje mambo yao?

Tukatafuta tusome. Wamethodisti wa pwani ya Kenya wana historia ndefu. Walianza Ribe, nje kidogo ya Mombasa, mwaka 1862, na tangu 1967 kanisa lao la Kenya linajitegemea. Asili yao ni Uingereza. Miaka ya 1730 pale Oxford, ndugu wawili, John na Charles Wesley, walikuwa na wenzao wakijiwekea saa za kusoma, za kuomba na za kuwatembelea wafungwa na maskini. Wanafunzi wengine wakawacheka, wakawabandika jina la watu wa utaratibu, kwani hiyo ndiyo maana ya neno Methodisti. Jina la kejeli likawaganda.

Lililotushangaza zaidi ni jinsi vikundi vyao vidogo vilivyoanza. Vilianza kama upatu! Jengo lao la ibada katika mji wa Bristol, lililojengwa 1739, lilikuwa na deni. Mwaka 1742 walikaa kutafuta njia ya kulilipa. Mmoja wao, nahodha aliyeitwa Foy, akasema kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Wengine wakasema wapo maskini wasioiweza hata peni. Akajibu apewe yeye watu kumi na mmoja walio maskini kabisa, atawapitia kila wiki, na asiye nacho atamtolea mfukoni mwake. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo.

Basi wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Ukigonga mlango wa mtu kila wiki, huoni peni tu. Wakaona nani mgonjwa, nani hana chakula, nani amerudia ulevi, nani hana amani na mkewe. John Wesley aliposikia akaona kwamba kumbe hilo ndilo alilokuwa akilikosa siku zote. Mkusanyaji wa peni akawa mlezi wa watu wake. Baadaye, badala ya kupita nyumbani, kila kikundi cha watu kama kumi na wawili kikawa kinakutana mara moja kwa wiki, na kila mtu anaulizwa hali yake ya dini tangu walipoachana. Kwa Kiingereza vikundi hivyo viliitwa kwa neno ambalo sisi tungelisema darasa. Na wanawake wengi waliviongoza.

Kabla ya hayo yote alikuwepo mama yao, Susanna. Alizaa watoto kumi na tisa, wengi wakamfia wachanga. Waliobaki aliwasomesha mwenyewe nyumbani, na kila mtoto alikuwa na jioni yake katika wiki ya kukaa na mama, wazungumze mambo ya moyo wake. John jioni yake ilikuwa Alhamisi. Tukiwa akina mama, hebu tujiulize: mtoto wetu gani ana jioni yake?

Tueleweke vizuri

Hatusemi tuchukue itikadi ya mtu. Dini yetu imetimia, na wao wana yao wanayoiamini. Tunachozungumzia ni mpango tu. Mtume wetu, rehma na amani ya Allah ziwe juu yake, alipoambiwa na Salman al-Farisi kwamba kwao Uajemi wakizungukwa na adui huchimba handaki, hakusema hayo ni mambo ya Waajemi. Alichimba, na kwa mikono yake mwenyewe.

Na jambo lenyewe kwetu si geni hata kidogo. Wanawake wa Madina walikwenda kwa Mtume kumlalamikia kwamba wanaume wamewazidi kwa kukaa naye, wakataka siku yao wenyewe, akawapangia. Bi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Bi Shifaa binti Abdullah alimfundisha Bi Hafsa kuandika. Wanawake hao walikuwa na waume, watoto na kazi zao. Hakuna aliyesema mimi nilishahitimu.

Sisi je? Msichana anasoma chuoni mpaka avunje ungo, akizidi sana mpaka amalize skuli. Kisha inakuja posa. Tunaoshona magauni tunajua wiki zile zinavyokwenda: singo, hina, udi, somo anamfunda mume anapendaje. Yote mazuri, na riziki yetu imo humo. Lakini kila msimu tunakutana na biarusi anayetuuliza kwa kunong'ona, mikono juu tunampima kiuno, namna ya kujitwahirisha janaba. Gauni la milioni moja na nusu, na josho hajalijua! Si kosa lake. Alisimamishwa kusoma pale pale elimu ilipoanza kumhusu. Hedhi, nifasi, haki za mke, eda, mirathi, malezi, hayo mtoto wa miaka kumi na mbili hata akifundishwa hayamkai, kwa sababu bado hayajamfika.

Wengine watasema siku hizi mawaidha yamo simuni. Kweli yamo, na tunayasikiliza cherehani ikienda. Lakini sauti ya simuni haijui kama leo hukuja. Shehe wa kwenye video hawezi kukuona macho yamevimba akakuuliza umepatwa na nini. Wengine watasema wanawake wakikaa pamoja ni umbea. Tunakutana kila Jumamosi, huo umbea tayari upo. Ukiwepo usomaji na amana, utapungua.

Tunachopendekeza

Hatuna haja ya kuunda kitu kipya. Vikundi vya upatu tunavyo, siku tunayo, barazani kwa mtu tunakaribishwa. Tuongeze haya:

Kwanza, nusu saa ya darsa kabla ya pesa kuhesabiwa. Kabla, si baada, maana pesa ikishapokelewa kila mtu anatafuta viatu vyake.

Pili, mwalimu wa kike anayejua aje angalau mara moja kwa mwezi, na alipwe. Tukichanga mia tano mia tano tunamudu nauli na posho yake. Wiki nyingine tusome alichotuachia, na swali tusilolijua tuliandike tumsubiri, tusijitolee fatwa.

Tatu, kila mtu aulizwe hali yake, na asemalo libaki barazani.

Nne, asiyekuja apigiwe simu siku ile ile au aendewe, na mtu asitaje pesa mpaka ajue mwenzake yu hali gani.

Tano, biarusi mpya aingizwe kwenye kikundi kama zawadi ya harusi. Tunampa sufuria, tunampa mashuka. Tumpe na watu watakaomgongea mlango.

Tunatoa na tahadhari, kwani tumeisoma humo humo katika habari za Wamethodisti. Katika karne ya 19 vikundi vyao vingi vya Uingereza vilififia. Watu wakawa wanajibu kwa maneno yale yale ya mazoea, kila wiki "namshukuru Mungu, naendelea vizuri", na vingine vikabaki majina kwenye daftari na pesa kukusanywa. Walianza na pesa wakaipata nafsi ya mtu, kisha baadhi yao wakairudia pesa. Yanaweza kutufika na sisi, tusijidanganye.

Sisi tumeanza. Kumi na wanne tumegawana, saba huku na saba kule, ili kila mtu apate nafasi ya kusema. Tuko kwenye mlango wa tohara, tunasoma upya tangu maji na aina zake kama watoto wa chuoni, na hatuoni aibu. Mwenzetu yule amerudi. Siku ya kwanza ya darsa yeye ndiye aliyefungua kwa swali, tena kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Allah atusamehe tulipowasahau wenzetu, na atujaalie tuwe wanafunzi mpaka siku tutakayovishwa vazi lisiloshonwa kwa cherehani. Amin.