Mtoto Haitiki Jina, Anaitika Wimbo



Mwezi huu naacha kidogo habari za migomba. Nilipokuwa Nyamiaga kukagua mashamba, niliingia nyumba moja. Mama alikuwa akimenya ndizi huku akiimba. Mtoto wake wa miaka 5 alikaa pembeni, akipanga maharage mstari mmoja. Nilimwita. Hakugeuka.

"Bwana shamba, usijisumbue," mama alisema. "Huyu hasikii."

Lakini mama alipokatisha wimbo ili aseme nami, mtoto aliacha maharage. Akamtazama mama mdomoni. Kisha akaumalizia wimbo ule kwa sauti, bila maneno.

Je, kiziwi hufanya hivyo?

Majirani walisema mtoto karogwa. Baba alitaka kuuza mbuzi 2 ili amlipe mganga wa kienyeji. Nilimwomba angoje, ampeleke kwanza mtoto hospitali. Apimwe masikio, na daktari aangalie makuzi yake. Mimi ni bwana shamba tu, lakini huenda ni usonji.

Usonji hutokana na jinsi ubongo wa mtoto unavyokua. Si uchawi, wala si kosa la mama. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika habari za watoto 11 wa namna hii. Mmoja wao, akiwa na mwaka 1 tu, aliweza kuimba nyimbo nyingi bila kukosea.

Maneno yetu hubadilika kila mara. Wimbo hurudi vile vile, na mtoto anajua kinachofuata. Basi imba wimbo mfupi anaoupenda. Ukifika neno la mwisho, nyamaza. Ngoja. Usimhimize. Akitoa sauti yoyote, au akikutazama tu, endelea kuimba. Amekujibu. Akigonga debe, nawe gonga kama yeye. Uwe na wimbo wa kuoga na wimbo wa kula, ajue nini kinakuja. Ila usimpeleke kwa nguvu kwenye ngoma kubwa. Wengi wao huumizwa na kelele. Akiziba masikio, acha.

Sitaki kukudanganya. Wimbo hauponyi usonji. Mwaka 2017 ilitoka taarifa ya watoto 364 wa nchi 9. Walioimbiwa na wataalamu kwa miezi 5 hawakupungukiwa dalili kuliko wenzao. Taarifa nyingine ya mwaka 2022, iliyokusanya chunguzi 26, iliona kwamba huenda hali ya watoto kwa jumla hupata nafuu.

Mbuzi wale bado wapo. Baba amekubali kwenda hospitali. Safari ni Jumatatu, na mama amesema ataimba njiani.