Hodi Katika Daftari la Amana

Ndugu zetu katika imani, daftari la mayatima na wajane wanaosaidiwa na msikiti tumelihifadhi katika kompyuta pepe, iliyoundwa kwa programu ya VirtualBox ndani ya kompyuta ya ofisi. Ya nje huitwa mwenyeji, ya ndani mgeni.

Kwa mpangilio wa kawaida, uitwao NAT, mgeni hutoka kwenda intanetini, lakini mwenyeji hamfikii mpaka ifunguliwe njia maalumu. Daftari halikufunguka. Kijana wetu akaweka mpangilio wa daraja, nalo likafunguka papo hapo. Tukafurahi, hata tulipotambua kwamba kila simu iliyoungwa na Wi-Fi ya msikiti sasa ingeweza kuufikia mlango ule ule.

Tukachagua mtandao wa mwenyeji na mgeni peke yao, ambamo mwenyeji kwa kawaida huwa na anwani 192.168.56.1. Mgeni hapati intaneti kwa njia hiyo, wala daftari haliihitaji.

Surat An-Nur, aya ya 27, yatufunza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu. Jina la mjane aliyepokea unga nalo lastahiki hodi. Enyi wazazi, muungapo vifaa nyumbani, ulizeni vimefunguka kwa nani.

Wabillahi tawfiq.