Uvimbe wa Maabara Haushindani na Muumba

Siku hizi yako mahubiri yanayopigiwa makofi, yakisema kwamba wanasayansi wanaootesha uvimbe wa saratani maabara wamejitwalia kiti cha Mungu. Nayapinga mahubiri hayo, tena kwa sababu za imani.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu kinachofanyika. Mgonjwa wa saratani ya kongosho huchukuliwa kinyama kidogo kutoka kwenye uvimbe wake. Seli zake huwekwa ndani ya ute unaoganda, hulishwa virutubisho, na baada ya wiki kadhaa hujipanga kuwa vivimbe vidogo vinavyofanana na ule uliomo mwilini. Wataalamu huviita oganoidi. Mwaka 2015 timu za Hans Clevers wa Uholanzi na David Tuveson wa Marekani zilitangaza kwamba zimeviotesha kutoka kongosho la binadamu. Juu yake hujaribiwa dawa, ionekane ipi inaua seli na ipi haizigusi.

Je, hapo nani ameumba? Seli ilikwisha kuumbwa, nayo hukua kwa kanuni ambazo mtaalamu hakuzitunga. Mkulima anayeotesha miche ya kahawa kitaluni hatumwiti mpinzani wa Mungu. Tena kivimbe hicho si mtu wala si mimba. Ni ugonjwa uliotolewa mwilini ili upimwe nje yake.

Saratani ya kongosho mara nyingi hugunduliwa imechelewa, na dawa zake ni kali: hutapisha, hushusha damu, humaliza nguvu. Dawa isipofaa, mgonjwa amebeba sumu bure, na muda wake ni mfupi. Msamaria wa Luka 10 alimimina mafuta na divai katika majeraha. Hakumuuliza majeruhi kama kutumia dawa ni kukosa imani. Nayo Katekisimu Ndogo inatufundisha kuipokea akili kama zawadi ya Mungu, sawa na macho na masikio.

Mnaotaka kukemea, kemeeni penye dhambi. Mwaka 1951 huko Baltimore, seli za saratani za mama mmoja Mmarekani Mweusi, Henrietta Lacks, zilichukuliwa bila ridhaa yake, zikasambazwa maabara za dunia nzima. Basi tuulize: mgonjwa ameombwa ruhusa? Ameelezwa kwamba kivimbe cha maabara hakina mishipa ya damu wala kinga kamili ya mwili, hivyo majibu yake si ahadi ya kupona? Dawa ikipatikana, maskini ataipata? Amri ya saba inakataza wizi, hata wa kumwibia aliyelazwa. Ya nane inakataza uongo, hata ule wa kumtia mgonjwa matumaini hewa.

Muumba hatishwi na kisahani cha maabara. Anayetishwa ni mgonjwa, anaposikia kutoka mimbarini kwamba msaada aliokuwa anautumaini ni dhambi.