Kuulizwa Kadi Kila Mara si Kutukanwa



Siku hizi malalamiko ni mengi dirishani pa kituo cha afya. Mgonjwa aliyeonwa jana leo anaulizwa tena jina na kadi. Mhudumu mwenye kizibao cha shirika anasimamishwa kwenye mlango wa chumba cha faili. Mama mmoja alisema mbele ya foleni nzima kwamba amefanywa mwizi.

Mimi nauunga mkono utaratibu huu.

Wengi wetu tulivuka ziwa Januari 2018 kutoka Fizi, tukateremkia Rumonge. Mtumbwini hakuna aliyeulizwa jina. Aliyekwisha kupanda alikuwa mwenzetu. Tulipofika nchi kavu ndipo tulipoandikwa: jina, kijiji, nani amepotea njiani. Wengine waliwatafuta ndugu zao kupitia Msalaba Mwekundu. Karatasi za namna hiyo zina mambo ambayo hata jirani hayajui, na aliyekukimbiza angefurahi kuzisoma.

Basi sikieni yaliyotokea. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, yenye makao Geneva, ilitangaza kwamba wezi wa kompyuta wamefikia habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na jamaa zao na wafungwa. Walikuwa wameingia tangu tarehe 9 Novemba 2021, kupitia kasoro ya programu iliyokuwa haijazibwa. Walikaa humo siku 70. Hawakuonekana kwa sababu walijifanya watumiaji halali, yaani walivaa kizibao cha shirika.

Zamani ofisi nyingi zililindwa kama boma: mlango mmoja mkubwa, na aliyeingia haulizwi tena. Tangu 2010 mtaalamu John Kindervag wa Marekani amekuwa akifundisha kinyume chake. Mtu asiaminiwe kwa kuwa yumo ndani tu. Kila mlango umuulize upya, naye apewe kile tu ambacho kazi yake inakihitaji. Karani wa mapokezi ahitaji kujua zamu yako, wala si majibu yako ya damu. Majibu ya UKIMWI yakitoka nje ya faili hayarudi, na ndoa ngapi zitavunjika kabla hajajulikana aliyeyatoa?

Kwa maji tunalijua jambo hili. Maji ya ziwa huko Rumonge huonekana safi, na bado kipindupindu kimeupiga ufukwe ule mara nyingi. Ndiyo maana twatia klorini katika kila ndoo, hata ya mchungaji, naye hajanuna.

Lakini nina masharti. Mtoto mwenye degedege atibiwe kwanza, kadi itafutwe baadaye. Aliyepoteza kadi asirudishwe nyumbani na homa yake. Yapo maswali mengine ya kumtambulisha. Tena utaratibu uwafikie wakubwa. Mara nyingi mlinzi humkazia macho mama mwenye mtoto mgongoni, kisha gari la wageni likifika yeye ndiye anayekimbia kufungua geti. Mlinzi huyo hana kosa peke yake, maana hajui kama atalindwa akimuuliza bwana mkubwa kitambulisho.

Kwa hiyo naomba wakuu wa kituo watujibu katika toleo lijalo: ufunguo wa kabati la faili una nakala ngapi, na ziko mikononi mwa nani?