Roketi za Ngomeni zafundishwa Chepsaita, sisi twangoja nini?

Mwezi uliopita nilipanda basi hadi Eldoret, kisha matatu na bodaboda mpaka Chepsaita, upande wa Turbo, kumtembelea mpwa wangu anayefundisha hesabu shule ya sekondari ya huko. Wengi wenu Chepsaita mwaisikia kwa mbio za nyika. Nilichokikuta mimi ni Malindi yetu, imechorwa ubaoni kwa chaki.

Kidato cha nne walikuwa kwenye mada ya latitudo na longitudo. Mimi niliisoma kwa ndege inayotoka mji A kwenda mji B, na hadi leo sijui miji hiyo iko wapi. Mpwa wangu aliandika hivi: roketi moja inarushwa Ngomeni, digrii 3 kusini, nyengine Cape Canaveral kule Florida, digrii 28.5 kaskazini. Kabla haijawashwa, kila moja inabebwa na mzunguko wa dunia kwa kasi gani?

Wakapiga hesabu. Kwa nusu kipenyo cha kilomita 6,370, mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kama kilomita 40,040. Gawanya kwa saa 24, wapata 1,668 kwa saa, kisha zidisha kwa kosaini ya latitudo. Ngomeni 1,666, Florida 1,466. Tofauti ni kilomita 200 kwa saa, za bure, kabla ya kuchoma tone la mafuta. Kijana mmoja akasema Kipchoge alipokimbia Vienna mwaka 2019 alikwenda kama kilomita 21 kwa saa, basi hiyo ni Kipchoge tisa na nusu. Darasa likacheka, lakini hesabu ilikuwa sawa.

Ndipo msichana wa nyuma akauliza: "Mwalimu, Chepsaita iko karibu na ikweta kuliko Ngomeni. Mbona hawakurushia hapa?"

Mpwa wangu akanigeukia. "Mjomba, wewe ndiye mtu wa pwani, mjibu."

Nikasema roketi huelekezwa mashariki, na sehemu zake zikiisha mafuta huachwa zianguke. Kwetu huanguka Bahari Hindi. Hapa zingewaangukia watu wa Baringo.

Waitaliano walirusha kutoka jukwaa la San Marco mara ya kwanza Aprili 1967 na mara ya mwisho Machi 1988. Setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa kuchunguza eksirei za angani, iliondoka pale tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri. Iliizunguka dunia kwa dakika 96 hivi. Ziingize katika siku moja, wapata mizunguko 15 kamili. Swali la mtihani hilo, na ni la kwetu.

Mpwa wangu hakunificha kwamba wanafunzi wengine walipotea kwenye habari za roketi, ikabidi arudie kwa namba tupu. Sawa. Lakini fomula ni ile ile ya kitabuni, na somo zima halikuzidi dakika arubaini.

Nayaandika sasa kwa sababu gredi ya 10 imeanza Januari hii ya 2026, na watoto wamegawanywa: wa sayansi wanapata hesabu nzito, wengine nyepesi. Waziri Ogamba alipotangaza Aprili 2025 kwamba hesabu itabaki ya lazima kwa wote nilifurahi, ila lazima peke yake haimfunzi mtu. Mtoto wa Ngomeni anayeijua hesabu kama mji A na mji B ataichagua njia ya kuikimbia. Na serikali ina Shirika la Anga za Juu tangu 2017, Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023 kutoka California, na mazungumzo ya kurusha tena kutoka pwani hayaishi. Siku zikija kazi za wahandisi tutapiga kelele kwamba wabara wametuchukulia. Mimi nimewaona wakijitayarisha.

Mpwa wangu aliniomba picha ya majukwaa yale ya baharini, nikampelekea. Nikampa nakala na mwalimu mmoja wa huku kwetu. Alinipigia simu siku ya pili: watoto wake wengi wamesema ule ni mtambo wa kuchimba mafuta.