Uhuru wa mwili bila hati ya ardhi

Neno "huria" lilipovuma katika magazeti yetu, lilikuja limeshikana mkono na soko. Tulisoma habari za soko huria na biashara huria, na wenzetu wa Tanzania wakaanzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1992. Mzizi wake ni ule ule wa Kiarabu uliotupa "huru" na "uhuru", wenye maana ya mtu asiyemilikiwa na mwingine. Hivyo falsafa ya uliberali, ambayo kwa zaidi ya karne tatu imeshughulika kwanza na nafsi ya mwanadamu mbele ya mtawala, ilijulishwa kwa msomaji wa Kiswahili kana kwamba ni falsafa ya bei ya sukari. Si ajabu kwamba wanafunzi wetu wengi huidhani kuwa mali ya wafanyabiashara na wageni.

Nadai hapa kwamba uliberali una historia ndefu na chungu katika ng'ambo za Mombasa, na kwamba mwalimu wa Kisauni, Changamwe au Likoni hana haja ya kuvuka bahari ili aifundishe.

Lugha ya pwani ilikuwa na nadharia yake ya uhuru kabla ya mkoloni. Mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru. Maana ya adabu na ustaarabu tunayoijua leo imejengwa juu ya hiyo. Kinyume chake alikuwa mtumwa, neno lililo wazi kabisa kwa umbo lake: ni yule anayetumwa, asiye na safari yake mwenyewe. Wanaodai kwamba jamii zetu hazikuijua dhana ya uhuru hawajaisikiliza lugha. Lakini uungwana ulikuwa nasaba na heshima ya baadhi ya watu, wala haukuwa haki ya kila mwanadamu.

Wazo la haki ya kila mwanadamu ndilo alilolitetea John Locke mwaka 1689, aliposema kwamba watu huzaliwa huru na sawa, na kwamba anayechanganya jasho lake na ardhi huipata kuwa milki yake. Ikumbukwe kwamba Locke huyo huyo alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyofanya biashara ya watumwa. John Stuart Mill naye, aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya uhuru mwaka 1859, alikuwa ameitumikia Kampuni ya India Mashariki kwa miaka 35, na aliona kwamba uhuru huo hauwafai watu aliowahesabu kuwa bado ni wachanga. Sisi tulikuwa miongoni mwa wachanga hao.

Mfano wake uko Kengeleni, katika njia ya Kisauni na Nyali, ambako kengele ya Frere Town ingali imesimama. Mtaa huo ulianzishwa na wamisheni wa CMS mwaka 1875, miaka miwili baada ya Sir Bartle Frere kwenda Zanzibar kushughulikia mkataba wa kufunga soko la watumwa. Waliookolewa majahazini walikaribishwa hapo, wakafundishwa kusoma na kufanya kazi za mikono. Walikuwa huru, ila waliishi chini ya msimamizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi mmojawapo, J. R. Streeter, alilaumiwa kwa kuwachapa viboko hao hao waliokombolewa.

Kisha zikaja sheria mbili, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa katika pwani yetu. Fidia ililipwa kwa mabwana, kwa hoja kwamba wamepoteza mali. Aliyefanyishwa kazi bure hakupewa ila mwili wake. Mwaka uliofuata, 1908, ikatungwa Sheria ya Hati za Ardhi kwa ajili ya ukanda wa maili kumi ambao Sultani wa Zanzibar alikuwa amewakodishia Waingereza mwaka 1895. Aliyethibitisha dai lake alipewa hati ya milki ya daima, na ardhi isiyothibitishiwa mwenyewe ikawa mali ya Mfalme wa Uingereza. Watumwa wa jana, pamoja na Wamijikenda wengi waliolima kwa desturi au kwa ruhusa, hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1980, ameieleza safari hiyo ya kutoka utumwani hadi uskwota.

Tazama kinyume kilichopo. Kwa hoja ya Locke, mwenye jembe ndiye aliyestahiki shamba. Kwa sheria ya wajukuu wa Locke, mwenye karatasi ndiye. Desturi ya pwani ilikuwa na hekima yake: mtu aliweza kumiliki minazi, au nyumba, juu ya ardhi ya mwenzake, na kila mmoja akaijua haki yake. Sheria ya Kiingereza husema kilichoshikamana na ardhi hufuata ardhi. Kutokana na mgongano huo tuna hadi leo nyumba bila ardhi huko Kisauni na Changamwe, ambako mtu humiliki kuta na bati, na kiwanja hukilipia kodi.

Wapo wanaohitimisha kwamba uliberali wote ni hila. Sikubaliani nao. Ni waliberali wenyewe, T. H. Green mwaka 1881 na L. T. Hobhouse mwaka 1911, walioandika kwamba uhuru usio na uwezo wa kuutumia haujatimia, na kwamba dola ina wajibu wa kuuwezesha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imebeba pande zote mbili: kifungu cha 40 kinalinda mali ya mtu na kutaka fidia ya haki serikali inapoitwaa, na kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa.

Vifungu hivyo havikai pamoja kwa raha. Mnamo Januari 2016, maskwota wa shamba la Waitiki huko Likoni, lenye ekari 930, walianza kupewa hati baada ya serikali kukubali kumlipa mwenye shamba. Nilifurahi, kama walivyofurahi wengi. Lakini wakazi nao walitakiwa wakati ule kulipia viwanja walivyokuwa wakiishi, na malalamiko yakazuka. Mwaka 1907 fidia ilikwenda kwa bwana, na 2016 ilikwenda kwa mwenye hati. Sisemi kwamba mambo hayo mawili ni sawa, kwani mtu si shamba, wala wakazi wa Likoni si wote wajukuu wa watumwa. Nauliza tu ni nani aliyewahi kupiga hesabu ya jasho lililochanganywa na ardhi ile kabla ya bei yake kukubaliwa, na kama mkazi aliyetakiwa kulipa aliwahi kuonyeshwa hesabu hiyo.