Masharobaro wa Tunduma, Mshamba Nani Hapo?
Kuna masharobaro pale Tunduma wanamcheka mshikaji wao eti kazeeka, kisa ananyoa ndevu kwa brashi, povu la sabuni na kile kishikio cha chuma kinachobana wembe. Kama babu!

Haya. King C. Gillette alipata hataza ya kifaa hicho Marekani mwaka 1904 na mpaka leo kinadunda. Wembe ukiisha makali, unabadilisha wembe tu. Na chake anakitumia peke yake.

Nyie je? Mji wa mpakani, watu wa Songwe mpaka Nakonde wanapita saluni ileile, mashine inatoka kidevu hiki inaingia kile bila hata spiriti. Halafu mnalialia vipele! Damu kidogo tu kwenye kifaa cha kuchangia inaweza kupitisha homa ya ini, na haijali nani katupia pamba kali.

Mshamba nani hapo?